Wote Niliowaandika Nafuu

Machi 4, Jumatatu

Daftari hili kanipa shangazi. Kasema, "Mwanangu, maneno yako ni mengi mno. Mengine yaandike, watu wapumzike." Haya, naandika.

Leo hospitali tumeletewa mtambo mpya. Mimi ni karani wa mapokezi, huu ni mwaka wa kumi na moja nimekaa nyuma ya kaunta ileile, na nimeshaona vitu vingi vikija kwa mbwembwe na kuondoka kwa aibu. Huu wa leo ni kompyuta ya kupanga wagonjwa. Naingiza umri, mtaa anaotoka, anachoumwa, mapigo ya moyo, pumzi ngapi kwa dakika, yenyewe inatoa rangi. Nyekundu, aonwe sasa hivi. Njano, ndani ya saa moja. Kijani, asubiri. Kabla ya saa sita tulikuwa tumeshaipa jina: Bi Rangi.

Aliyeileta ni mwanamume mwenye kipara na beji tatu kifuani, utadhani karudi vitani. Tukamwita Fundi Beji. Katuonyesha karatasi yenye mhuri: wameipima kwa watu wa mjini na wa ng'ambo ya mto, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, na haimpendelei mtu. "Hii haijui mjomba wala shemeji," kasema. Hilo limenifurahisha. Zamani foleni ilikuwa inakwenda kwa kujuana, na mimi mwenyewe, nisijitakase, nimeshapitisha watu mlango wa nyuma.

Machi 5, Jumanne

Shangazi kaja kutoka kwake ng'ambo kwa ajili ya dawa zake. Huyu ndiye dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita, na moyo wake sasa umechoka. Mwaka jana Daktari Mkuu alituita wote wawili akatuambia bila kuzunguka: siku miguu ikivimba na pumzi ikikatika, aonwe siku hiyohiyo, asilale nayo.

Miguu leo ilikuwa na uvimbe kidogo. Nikamuuliza, "Shikamoo shangazi, hali?"

"Marahaba. Sijambo kabisa." Huyu hata akibebwa kwenye machela atasema sijambo.

Bi Rangi kampa njano. Dakika arobaini, kaonwa, kaongezewa dawa, kaondoka. Na sikumpigia mtu simu wala kumkonyeza nesi. Nimependa.

Machi 7, Alhamisi

Mvua imeanza. Paa la chumba cha kusubiri linavuja palepale pa mwaka jana.

Machi 12, Jumanne

Kuna mzee mmoja mshona viatu, wa ng'ambo vilevile, anakuja kwa ajili ya kifua. Huwa anakuja na mfuko wa sindano na nyuzi, na akikaa kwenye foleni mikono haitulii. Leo kamshonea nesi kandambili huku akikohoa. Njano. Kaonwa. Kabla ya kuondoka kaniangalia viatu vyangu akatikisa kichwa. "Dada wa mapokezi, hicho cha kushoto kinaomba maji." Nikamwambia kiatu changu kina afya kuliko yeye. Tukacheka.

Machi 14, Alhamisi

Mvua siku nzima. Daraja la kwenda ng'ambo ni la chini, na maji yakipanda jioni halipitiki. Kwa hiyo ikifika saa nane watu wa ng'ambo wanaanza kuangalia saa, na wasioitwa wanaondoka. Leo wameondoka sita.

Naeleza hapa jinsi tunavyofunga faili, maana shangazi aliniuliza nikashindwa kumjibu vizuri. Mgonjwa akimaliza, kioo kinakuuliza kaishiaje, na kuna vitufe vinne: Amelazwa. Amepewa dawa. Amehamishwa. Amepata nafuu. Aliyechoka kusubiri akaenda zake hana kitufe. Na faili lisipofungwa kabla ya saa kumi, asubuhi yake unaitwa ujieleze. Karani mkuu aliyenifundisha kazi, sasa kastaafu, alikuwa na kauli yake: "Aliyeweza kutembea mpaka getini ana nafuu." Basi tunabonyeza nafuu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wenzangu. Meza yangu haijawahi kulala na faili hata siku moja, na kila mwaka nasifiwa kwa hilo.

Machi 18, Jumatatu

Fundi Beji kapita. Kasema Bi Rangi kila Jumapili anajisomea mwenyewe: anapitia wiki nzima, nani alipewa rangi gani, na kaishiaje, halafu anajirekebisha. "Hasimami mahali pamoja, anazidi kuwa na akili," kasema. Nikamwambia ana bahati, kuna watu hapa hawajajirekebisha tangu waajiriwe. Nesi mmoja kanuna. Aliyenuna kajijua.

Machi 21, Alhamisi

Mvua. Nafuu tisa.

Machi 26, Jumanne

Shangazi kaja, kapewa kijani. Nikafurahi kusema kweli, nikajua dawa zimefanya kazi. Kasubiri saa tatu, kaonwa wa mwisho mwisho. Akaniambia, "Huyu Bi Rangi wako leo kaninunia." Nikamwambia, shangazi, kijani ni habari njema. Akasema, "Haya, wewe ndiye unayemjua."

Aprili 2, Jumanne

Mvua juu ya mvua. Mama mmoja wa ng'ambo kanigombeza kaunta: kwa nini wa mjini wanaingia na wao wanabaki kwenye benchi? Nikampa jibu la Fundi Beji, kwamba mtambo haujui mjomba wala shemeji. Kachukua mwavuli wake, kaenda. Nikabonyeza nafuu. Watu wengine bwana, hata kompyuta wanaitafutia ukabila.

Aprili 9, Jumanne

Kiatu cha kushoto kimeachama kweli, mbele yote, vidole nje. Mshona viatu aliona kabla sijaficha mguu. "Nilisema mimi!" Akakitaka. Alikuwa ndiyo kwanza kamaliza kukohoa kikohozi kirefu mpaka kajishika ukuta, lakini kwa kiatu macho yalimng'aa. Akaanza kukipima na uzi.

Alikuwa na kijani. Saa nane kasoro akasimama. "Maji hayanisubiri, dada. Nakwenda nacho, naja nacho wiki ijayo." Nikamwambia akikipoteza nitamfuata mpaka ng'ambo. Akasema, "Karibu, hatuna mbwa." Kaondoka anapumzika kila hatua tano. Mimi nikamaliza siku na gumboti za mfagizi, kubwa mno. Nafuu kumi na moja leo, yeye mmojawapo.

Aprili 16, Jumanne

Fundi viatu hajaja. Bado na gumboti. Mafundi ni walewale, ahadi kibao.

Shangazi kaja, kijani tena. Nikamwona ameegemea ukuta kafumba macho. Nikatoka kumuuliza, "Shangazi, vipi pumzi?" Akasema, "Sijambo, usingizi tu." Miguu ilikuwa ndani ya soksi nene, sikuitazama. Nilikuwa na foleni. Saa nane akanipungia mkono, akaenda. Nikabonyeza.

Aprili 18, Alhamisi

Kiatu hakijarudi.

Aprili 23, Jumanne

Sijui kama nitasoma mwandiko huu kesho.

Shangazi kafika saa tatu asubuhi kaloa mpaka kichwani. Midomo haikuwa na rangi yake. Nikampima mwenyewe: pumzi thelathini kwa dakika, moyo unakimbia. Nikaingiza kila kitu. Kijani. Nilishangaa, nisiseme uongo. Nilishangaa kama sekunde tatu hivi, halafu nikajiambia, Bi Rangi kapitia wagonjwa wengi kuliko wewe, ana akili kila Jumapili inaongezeka, wewe nani? Na moyoni nikaona aibu ya zamani, ile ya mlango wa nyuma. Nikasema safari hii sitampendelea ndugu yangu. Mungu wangu. Nilijisifu kwa hilo!

Nikamwambia, "Shangazi, kaa, utaitwa."

"Sawa, mama."

Saa nane na dakika kumi alisimama akashika kaunta kwa mikono miwili. Akasema, "Maji yanapanda, mwanangu, nitakuja Alhamisi." Nikamwambia ajifunike. Akatoka. Nikafungua faili lake, nikabonyeza Amepata nafuu. Kidole hiki.

Haikupita robo saa nikasikia kelele getini. Wauza matunda wawili wanasukuma mkokoteni mbio, na juu ya mkokoteni, katikati ya makreti, shangazi yangu. Alikuwa ameanguka kabla ya daraja. Povu mdomoni, macho yamegeuka. Sijui nilivyoruka kaunta. Gumboti moja ilibaki ndani.

Daktari Mkuu alitoka mwenyewe. Hewa, sindano, wakamkimbiza ndani. Kabla mlango haujafungwa akaniuliza, "Maji yamejaa mapafuni, hii si ya leo. Nani kampa kijani?" Akasema nifungue faili tena, nimwandike kalazwa. Nikafungua. Kioo kikaniambia: Mgonjwa amepata nafuu, 8:10 mchana.

Nilisoma mara nne.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijui hata lilitoka wapi. Nikafungua faili jipya nikaingiza kila kitu kama kilivyo: umri ule, pumzi zile, moyo ule. Kijani. Nikafuta kitu kimoja tu, mtaa. Mahali pa ng'ambo nikaandika mtaa wangu mimi, hapa nyuma ya hospitali.

Nyekundu.

Nikarudisha ng'ambo. Kijani. Mjini. Nyekundu. Nesi alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Fanya tena." Nikafanya tena. Akakaa chini, sakafuni, na gauni lake jeupe.

Aprili 24, Jumatano

Shangazi yuko hai. Hajafumbua macho.

Fundi Beji kaitwa, kaja na karatasi yake ya mhuri. Daktari Mkuu akamkalisha mbele ya kioo, mimi nikamfanyia mchezo wangu wa mtaa. Alifanya mwenyewe mara tano, jasho likamtoka kiparani. "Haiwezekani," akasema. "Mwezi wa pili ilikuwa sawasawa pande zote. Tulipima."

"Na mwezi wa tatu?" Daktari Mkuu akauliza.

"Mwezi wa tatu hatukupima. Hakuna aliyeuliza."

Jamani! Kitu kinabadilika kila Jumapili, na kimepimwa mara moja tu, kabla hakijaanza kubadilika!

Akaingia ndani kwenye matumbo ya ule mtambo, saa mbili nzima, sisi tumesimama. Mwisho akageuka, na akawa hanitazami usoni. Akasema Bi Rangi hajaharibika. Kafanya alichofundishwa. Kaona watu wa ng'ambo wanakuja, hawapewi dawa, hawalazwi, na jioni wana nafuu. Wengi mno. Wiki ya kwanza akawashusha kidogo. Waliposhushwa wakasubiri zaidi, waliosubiri zaidi wakaondoka zaidi, walioondoka wakaandikwa nafuu, na Jumapili akasoma kwamba alikuwa sahihi, akawashusha tena. Wiki saba. "Anajifunza kutoka kwenu," akasema.

"Kwetu nani?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kwa anayefunga mafaili."

Chumba kizima kilinitazama. Nilitaka kusema nilifundishwa hivyo, kitufe hakikuwepo, ningeitwa kujieleza. Yote kweli. Nilifungua mdomo yakatoka mengine: "Ni mimi. Siku zote ni mimi."

Na yule mama wa mwavuli aliyaona kwa macho yake akiwa kwenye benchi, bila kompyuta. Mimi nikamwita mkabila.

Aprili 25, Alhamisi

Bi Rangi kazimwa. Tunapanga foleni kwa macho na daftari. Shangazi kafumbua macho saa nne asubuhi, kaomba maji, kalala.

Aprili 26, Ijumaa

Nimemwambia. Sikuweza kukaa nalo. Nilivuta kiti nikamwambia kila kitu, kitufe, mtaa, kijani, na kwamba alipotoka mlangoni sikumwangalia hata mgongo, nilikuwa nabonyeza. Nililia kama mtoto, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa heshima.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Uliniandika nafuu?"

"Ndiyo, shangazi."

Akavuta pumzi, ndefu, na bomba puani. "Na mimi uliponiuliza nilikwambia sijambo. Tumeongopa wawili." Halafu akanishika kidole, hikihiki, akasema, "Lakini mimi ni mmoja. Wenzangu wa benchi wako wapi?"

Sikuwa nimewaza. Wallahi sikuwa nimewaza.

Aprili 29, Jumatatu

Fundi Beji kairudisha Bi Rangi kama alivyokuwa siku ya kwanza, na kaongeza kitufe cha tano: Ameondoka bila kuonwa. Daktari Mkuu kasema hiyo haitoshi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya foleni, mimi niingize wagonjwa kumi wa kubuni mara mbili mbili, mara mjini mara ng'ambo, nitazame rangi, niweke sahihi. Siku rangi zikitofautiana, mtambo unazimwa siku hiyo. Fundi Beji kasema ataweka ukaguzi wake pia. Hakuvaa beji hata moja leo.

Nikaomba orodha ya wote niliowaandika nafuu tangu Machi 4. Mashine ikatema karatasi mpaka zikamwagika chini. Mia mbili na kumi na wawili. Mia moja themanini na saba ni wa ng'ambo. Daktari Mkuu akasema tugawane. Nikakataa. Nitawapigia mimi, mmoja mmoja, waje, na wataingia mbele.

Aprili 30, Jumanne

Ishirini na sita leo. Wengi wazima, wengine wamenitukana, haki yao. Mama wa mwavuli alinisikiliza nikamaliza kuomba radhi, akasema, "Kesho nakuja. Na benchi lenu lina kunguni." Nikasema nitalitoa nje mwenyewe.

Mei 1, Jumatano

Watano wamekuja, wawili wamelazwa. Benchi nimelitoa.

Mei 2, Alhamisi

Mvua imepungua. Shangazi katembea mpaka dirishani. Nimefika wa sitini na mbili.

Mei 3, Ijumaa

Wa sitini na tatu alikuwa mshona viatu. Nilipoona jina lake nikacheka peke yangu, nikapanga na maneno: leo hunikwepi, kiatu changu kiko wapi, na wewe mwenyewe uko wapi?

Kapokea binti yake. Nikajitambulisha, nikauliza baba yupo?

Akasema, "Baba tumemzika tarehe kumi na tatu."

Alikufa Ijumaa, tarehe kumi na mbili. Siku tatu baada ya kuondoka hapa hospitalini. Na mimi tarehe kumi na sita niliandika humu kwamba mafundi ni walewale. Nimerudi kurasa nyuma nikaitazama hiyo sentensi. Nilitaka kuichana. Nimeiacha.

Binti akauliza, polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua, "Alisema alikuja huko hakuonwa. Nyinyi kwenye karatasi zenu mliandika nini?"

Ningeweza kusema sina faili mbele yangu. Lilikuwa mbele yangu.

"Nilimwandika amepata nafuu," nikasema. "Ni mimi niliyeandika."

Nikangoja anitukane. Akasema, "Wewe ndiye dada wa mapokezi?"

"Ndiyo."

"Kuna kiatu chako hapa. Alikimalizia kitandani Alhamisi, tukamwambia aache, akasema ameahidi. Njoo ukichukue."

Mei 4, Jumamosi

Nimevuka daraja kwa miguu. Miaka kumi na moja nawaandika watu wa ng'ambo na sikuwa nimefika ng'ambo tangu nihamie kwa mume wangu mjini. Shangazi ndiye aliyekuwa anakuja kwangu. Kutoka daraja mpaka nyumba ya mshona viatu ni mwendo wa dakika hamsini, tope mpaka magotini, na mimi mapafu yangu ni mazima.

Binti kanipokea, kanikalisha. Nimetoa pole. Nimemwachia jina la Daktari Mkuu na jina langu kamili kwa maandishi, na karatasi ya faili la baba yake, kama akitaka kushitaki. Kazikunja akaziweka ndani ya mfuko wa sindano. Kasema atafikiri. Hakuniambia yameisha, na sikutarajia aniambie.

Kiatu kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti. Kashona mara mbili kuzunguka, uzi mweusi, mishono midogo midogo iliyolingana mpaka kisigino, kisha hapo mwishoni imeanza kwenda upande, mikubwa, lakini yote imekaza. Nimekivaa palepale mlangoni. Kinabana kidogo. Nimerudi nacho mpaka mjini na hakikuingiza tone.

Jumatatu nampigia wa sitini na nne.